Si Miwa Iliyokuangusha

Imali mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako ninaijua. Asubuhi hii maji ya kupimia mkojo yalibaki ya buluu baada ya kuchemka, ukajidunga sindano saa moja, ukala, ukaondoka kwenda Malinya kumuaga nyanya yako. Ulisema utarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina mchana mmoja. Mama yako ameketi nje akichambua kunde, na kila kalamu yangu ikinyamaza anainua kichwa na kunitazama kupitia dirishani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha sindano, wala za kuweka dawa ndani ya chungu cha maji ili isipate joto. Hayo unayajua kuliko mimi. Habari za basi la kesho mpaka Butere, za gari la moshi la kwenda chuoni, za sanduku na blanketi, tumezirudia mpaka umechoka, na jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba Baba anaongea kama redio. Ni kweli. Mtu mwenye neno moja gumu huongea maneno mia mepesi ili lile moja lisipate nafasi.

Neno lenyewe ni hili. Siku ile ya sherehe za uhuru, ulipoanguka uwanjani Kakamega ukiwa na miaka kumi na mitatu, hukuangushwa na miwa. Hukula miwa. Aliyekuangusha ni mimi, na miaka mitano nimekuacha uamini ulijiangusha mwenyewe.

Nilifikiri ningekufa nalo. Sikuona hatari yoyote kwako, niliona aibu yangu tu. Halafu wiki iliyopita mkawa mnavuna maharagwe, wewe na mama yako. Nilikuwa kazini, lakini amenisimulia yote. Alikuona umesimama kati ya mistari, jasho limejaa juu ya mdomo, mikono inatetemeka, anakuuliza jambo la maharagwe nawe unamjibu habari za kanisani. Akafungua kitambaa chake, akatoa sukari. Ukafunga mdomo. Ukasema, "Hapana, Mama. Nisije nikaanguka kama siku ile ya miwa." Ikabidi akukamate kichwa kama anavyokamatwa ndama wa kunyweshwa dawa, akakutilia sukari kwa nguvu.

Wewe hukumbuki. Uliamka ukacheka, ukaendelea kuvuna.

Jioni hiyo nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama yako hajawasha moto. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Baba Imali," akasema, "huyu mtoto atakufa huko ugenini, na uwongo wako ukiwa kinywani mwake mahali pa sukari."

"Dresa wa hospitali alimfundisha," nikamjibu. "Anajua kwamba akitetemeka ale kitu tamu."

"Anajua kwa kichwa. Akianza kutetemeka kichwa hakipo. Kinachobaki ni vile wewe ulimwambianga."

"Nitamwandikia barua."

"Mwandikie. Lakini tukifika Butere kama hujamwambia, nitamwambia mimi pale stesheni, watu wote wakisikia."

Unamjua mama yako. Hasemi jambo mara mbili.

Sasa nianze mwanzo, maana nataka uelewe nilifikaje pale, ingawa kueleza si kujitetea.

Ulipougua mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikunywa maji mpaka tukaficha mtungi. Uliamka kukojoa mara tano, mara sita, ukakonda mpaka sare ya shule ikakuzunguka kama gunia lililotundikwa mtini. Nyanya yako alisema kuna jicho la mtu. Watu wa kanisa walikuja wakaomba. Mimi nilisema ni minyoo. Tulipokupeleka hospitalini ulikuwa huwezi kusimama, na pumzi yako ilinuka kama matunda yaliyooza. Daktari mzungu alipima mkojo wako, akatuita mimi na mama yako, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba ni ugonjwa wa sukari.

"Atapona?" mama yako akauliza.

"Hatapona," daktari akasema. "Lakini ataishi, kama nyinyi tajua kumlisha."

Mwanangu, nitakuambia nilichosikia moyoni wakati ule. Sikusikia hofu. Nilisikia fahari. Kulisha! Mimi nilikuwa mpishi wa afisa mzungu wa serikali, mpishi wa miaka kumi na minne. Nilijua keki, pudini, mchuzi wa nyama wa namna saba. Wageni walikuwa wakiingia jikoni kunishika mkono. Nikamwambia mama yako, "Acha mambo ya chakula kwangu." Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, na halikuonekana kama kosa. Lilionekana kama mapenzi.

Walitupatia karatasi ya chakula. Ilipigwa chapa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nikisoma Kiingereza cha jikoni vizuri kabisa. Vipande viwili vya mkate wa kubanika. Yai moja. Kabeji ya kuchemsha. Nyama isiyo na mafuta. Kiazi kimoja kidogo. Haikutaja obusuma, ugali wa kwetu, wala mboga za kunde na mrenda, wala wimbi, wala samaki wa omena. Mimi nikaamua kwamba kisichotajwa kimekatazwa. Nilileta mkate kutoka nyumba ya mzungu, nikaleta na mizani ndogo ya jikoni kwake, nikakutengea meza peke yako kwenye kona, na sahani yako, na kijiko chako. Sisi wengine tukiketi kuizunguka sinia ya obusuma na mboga, wewe ulitazama ukuta ukitafuna mkate mkavu.

Ulilia siku za kwanza. Kisha ukaacha kulia, nami nikadhani umezoea. Watoto wa jirani walikuita Memsabu, kama mke wa mzungu. Hukuniambia. Nililijua jina hilo baadaye sana.

Nilikataza kitu chochote kitamu kisiingie bomani. Ndizi mbivu nilizigawa kwa majirani zingali mkunguni. Miwa ile ya nyuma ya nyumba niliing'oa hadi mzizi. Mama yako alisema mara moja tu, "Hospitali walisema apimiwe chakula, hawakusema nyumba nzima ifungwe." Nikamuuliza mpishi ni nani kati yetu. Basi nyumba yetu ikawa na askari, na askari akiwapo watu hujifunza kuficha. Hilo ningepaswa kulijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula vipande vya keki vya mzungu nikiwa nyuma ya mlango wa stoo, miaka kumi na minne.

Kisha uhuru ukakaribia. Mzungu wangu akaanza kufunga masanduku. Wengine walicheka barabarani wakiimba, nami nilifurahi pia, usinielewe vibaya, lakini kila nikitazama mkate mezani nilijiuliza mkate wa mwezi ujao utatoka wapi. Sikumwambia mtu. Nikawa mkali. Maji ya kupimia yakibadilika rangi kidogo nilikuuliza kama hakimu.

Asubuhi ile ya sherehe mama yako aliondoka alfajiri kwenda kanisani kupika na wanawake wenzake. Wewe ulikuwa umevaa sare iliyopigwa pasi, kwa kuwa kwaya ya shule yenu ingeimba uwanjani. Ulikuwa na kikohozi cha siku tatu. Nikapima mkojo kama kawaida: nikachemsha ile dawa ya buluu, nikadondosha matone ya mkojo, nikangoja. Haikubaki buluu. Ikapita kijani, ikapita manjano, ikasimama kwenye rangi ya chungwa, rangi ya sukari nyingi.

"Umekula nini jana?" nikakuuliza.

"Ulichonipa, Baba."

Nikavuta dawa ndani ya sindano. Nikafika kwenye alama yako. Halafu nikapita, alama nne zaidi, bila kumuuliza mtu. Nikakudunga. Nikabanika mkate, nikachemsha yai, nikaviweka mezani, nikavifunika kwa sahani nyingine ili visipoe. Nikatoka kumwaga majivu nyuma ya ghala. Na hapo, chini ya jani la mgomba lililokauka, nikaona makapi ya miwa. Mabichi. Ya jana.

Nilirudi na makapi hayo mkononi.

"Hii ni nini?"

"Sijui, Baba."

"Nani amekupa?"

"Sikula miwa, Baba. Haki ya Mungu."

"Unamtaja Mungu kwa mdomo wenye sukari? Utaniambia aliyekupa, ndipo utakula. Usiponiambia, chakula kile utakiangalia tu."

Ulisimama pale na sare yako. Hukulia. Ulisema tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, "Baba, sikula." Kisha kwaya ikapita barabarani ikiimba, wakaita jina lako, ukanitazama kuona kama nitasema uende au ule. Nikasema, "Nenda." Ukaenda. Mwendo wa saa nzima kwa miguu, na dawa ndani ya mwili, na tumbo tupu.

Wakati huo sikujua hatari ya jambo hilo, nitasema ukweli. Hospitalini walikuwa wametuambia: akidungwa ale, asikawie. Nilikariri bila kuelewa. Mimi akilini mwangu adui alikuwa mmoja tu, sukari, na kadiri mtoto anavyokula kidogo ndivyo anavyokuwa salama. Nilidhani kukunyima ni dawa juu ya dawa.

Nilifika uwanjani saa tano. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona Kakamega, ngoma za isukuti zinalia kila upande. Niliiona kwaya yenu imepanda jukwaani. Nilikutafuta kwa macho, nikakupata mstari wa mbele, na kinywa chako hakikuwa kikiimba pamoja na wenzako. Kilikuwa kikienda peke yake. Kisha ukashuka jukwaani katikati ya wimbo, ukitembea kama mtu anayetafuta mlango gizani, watu wakacheka. Mtu akasema, "Huyo mtoto amekunywa busaa ya uhuru." Ukaanguka.

Nilipokufikia ulikuwa umelowa jasho, na jasho lenyewe baridi kama jiwe la mtoni. Macho wazi, hayanioni. Meno yamekazana. Palikuwa na mama mmoja akiuza miwa, amepiga magoti kando yako, amekwisha kumenya kipande.

"Mzee, huyu mtoto ana njaa," akaniambia. "Tazama anavyotetemeka. Mpe afyonze hii."

Nikaupiga mkono wake. Muwa ukaruka ukaanguka vumbini. Nikapiga kelele, "Sukari ndiyo inamuua! Sukari ndiyo inamuua!"

Imali, kitu ambacho kingekuokoa kilikuwa mbali na mdomo wako kwa upana wa kiganja, na mimi baba yako ndiye niliyekitupa. Nimeandika sentensi hiyo, nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi. Mama yako amenitazama kupitia dirishani. Naendelea.

Aliyekuokoa ni Bwana Shem. Wewe unamjua kama rafiki wa nyumba hii. Siku hiyo sikuwa namjua. Alikuwa dresa wa hospitali, mtu wa kufunga vidonda na kudunga sindano, amekuja kutazama sherehe na watoto wake. Aliwasukuma watu, akakushika shingo, akaona alama za sindano kwenye paja.

"Huyu ana ugonjwa wa sukari? Amedungwa saa ngapi?"

"Saa moja."

"Amekula nini?"

Nikaanza kukufuta vumbi usoni.

"Mzee, nimeuliza. Tangu adungwe, amekula nini?"

Watu walikuwa wamesimama wakituzunguka. Mwalimu wako alikuwepo. Mzee wa kanisa alikuwepo. Nami nikasema, "Amekula miwa. Kwa siri."

Shem aliwageukia wanawake waliokuwa wakipika chai, akachukua sukari ya kujaa kiganja, akakulaza ubavu, akailowesha kidogo, akaisugua ndani ya shavu lako kwa kidole. Akaisugua tena. Muda wa kuchemsha yai, si zaidi. Kope zikacheza. Ukameza. Kisha ukasema, "Kwaya imemaliza?"

Alipoona umeketi na unakunywa chai, alinivuta kando. "Mzee, aliyekula miwa haanguki namna hii," akasema. "Sukari ikizidi humuua mtu kwa siku nyingi. Hii ilikuwa imekwisha. Dawa iliingia, ikakuta tumbo tupu, ikala hata kile kidogo kilichobaki kwenye damu. Kuna mtu anajua mtoto huyu hakula asubuhi." Nikatazama chini. Alisema tu, "Njoo hospitalini Jumatatu. Njoo na mama yake."

Tulirudi nyumbani kwa lori la mtu. Njiani ulinilalia begani, ukaniuliza ulikuwa umefanya nini. Asubuhi yote ilikuwa imefutika kichwani mwako, makapi, maswali, mkate, yote. Ningeweza kukuambia pale pale. Nikakuambia, "Ulikula miwa."

Ukajifuta mdomo. Kisha ukasema, "Sikumbuki, Baba. Lakini nisamehe."

Nami nikakusamehe. Ndivyo nilivyosema: "Nimekusamehe, mwanangu." Nimefanya makosa mengine maishani, nimewahi kuiba, nimewahi kumpiga mtu asiye na hatia, lakini hakuna kinachonirudia kama sauti yangu ile ndani ya lori, ya upole, ikikusamehe.

Mama yako alikuwa amefika nyumbani kabla yetu. Alikuwa amekwisha kuikuta sahani yako mezani, imefunikwa. Alikulaza, akatoka nje, akaniambia neno moja. "Hakula."

"Alikuwa amekula miwa," nikasema. "Nilikuta makapi nyuma ya ghala."

Akaketi chini. Alikuwa na mimba ya mdogo wako Yunia, miezi mitano, unakumbuka. Akauweka mkono tumboni, akasema, "Makapi yale ni yangu. Niliitamani miwa mpaka nikashindwa kulala. Nilikwenda kuitafuna nyuma ya ghala ili mtoto asinione, na wewe usinione."

Naye akakaa na siri yake, kama mimi na yangu. Aliona haya kwako. Mimi nilimshawishi kwamba umekwisha sahau, tusikuchokoze. Ukitaka kumkasirikia, mkasirikie kidogo. Chungu kizima ni changu.

Jumatatu tulikwenda kwa Shem. Nilikwenda na karatasi yangu ya Kiingereza, imekunjwa, imechakaa. Akaitazama akacheka, si kwa dharau. "Hii iliandikwa kwa mtu anayekula mkate," akasema. "Binti yako atakula mkate mpaka lini? Ataolewa na mkate? Atasafiri nao?" Akamgeukia mama yako, akamuuliza, "Kwenu mnakula nini?" Miaka miwili, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mama yako swali hilo. Hata mimi mumewe sikumuuliza. Akataja: obusuma ya mahindi, obusuma ya wimbi na mtama, kunde, saga, mrenda, maharagwe, omena, ingokho, yaani kuku, siku ya wageni, viazi vitamu, ndizi.

"Ni chakula kizuri kuliko hiki cha karatasi," Shem akasema. Akamwonyesha ngumi yake. Obusuma iwe kiasi cha ngumi ya mtoto, na ikiwa ya wimbi na mtama usiokobolewa, afadhali, kwani hukaa tumboni. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani, hizo hazina ugomvi. Maharagwe au samaki au yai, kiasi cha kiganja. Akila kiazi kitamu, obusuma ipungue, visikae vyote kwenye sahani moja. Uji bila sukari. Na saa, akasema, saa ni sehemu ya chakula. Akidungwa, chakula kiwe tayari, hata kama nyumba inaungua. Akitembea sana au akilima, aongezewe. Akiugua, asiache kula wala dawa, aje hospitalini. "Na kamwe," akaniangalia mimi, "kamwe chakula kisitumiwe kama fimbo."

Wewe unayakumbuka yaliyofuata. Ile meza ya kona niliitoa. Uliketi nasi. Mama yako alipika, mimi nikapima mkojo na kuandika rangi kwenye daftari, tukajifunza mwili wako kama watu wanaojifunza lugha: kwamba ndizi mbivu moja baada ya kulima haikukudhuru, kwamba uji wa unga mweupe ulikupandisha haraka kuliko wa wimbi, kwamba mtihani shuleni ulibadilisha rangi hata kama hukula kitu. Nilishangaa sana siku niliyolijua hilo la mwisho. Nilikumbuka kikohozi chako cha siku ile. Rangi ya chungwa haikuwa ushahidi wa wizi wowote. Ulikuwa mgonjwa tu.

Lakini wewe tayari ulikuwa umejifunza somo lingine, langu. Ulikuwa mwangalifu mno. Harusini ulikaa karibu na mlango. Ulikataa hata embe ulilopimiwa. Watu walinisifu, "Binti yako ana nidhamu," nami nikapokea sifa. Niliona kwamba ni hofu, Imali. Mpishi anaijua sura ya mtu anayeogopa sahani. Nikaiacha kwa kuwa ilinisaidia.

Sasa unakwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kukukamata kichwa. Chuoni watakupa ugali mweupe na maharagwe na kabeji, najua, kila jiko la shule ni moja. Nenda ukasalimiane na mpishi mkuu kabla hujasalimiana na mwalimu mkuu. Mwite Baba au Mama, kadiri alivyo, mwambie ugonjwa wako bila kuona haya, mwambie baba yako naye ni wa kazi hiyo. Atakuongezea mboga, wapishi wanapenda kuombwa kitu kinachowezekana. Na utakayelala naye chumba kimoja, mwambie siku ya kwanza, si ya pili. Mwonyeshe sukari iko wapi. Mwambie ukikataa, asikusikilize.

Nilitaka kuandika orodha ndefu, nimeona mkono wangu unarudi kwenye uaskari. Niache hapo. Wewe ndiwe utakayepanga sahani yako sasa. Utakosea. Siku nyingine utakula zaidi ya ngumi kwa sababu ni harusi, na rangi itapanda, na kesho yake utaishusha. Kukosea huko si dhambi, wala hakuhitaji kuungamwa kwa mtu yeyote.

Ila siku mikono ikitetemeka, jasho likitoka bila jua, maneno yakianza kukimbiana, tia sukari mdomoni. Soda, asali, muwa wa barabarani, chochote. Usingoje kuwa na hakika. Na ukisikia ndani yako sauti inayosema miwa ilikuangusha, ujue ni sauti yangu, na ilikuwa ikidanganya.

Sikuombi unisamehe leo. Uliponiomba msamaha ndani ya lori nilikupa upesi, kwa sababu haukunigharimu kitu. Wako utagharimu. Chukua muda. Ukitaka kuniandikia kwa hasira ukiwa huko, andika, nitasoma kila neno na sitamwomba mama yako anisomee akiruka maneno makali. Usipoandika kabisa, nitajua pia ni jibu, na kila muhula nitakuja kukungoja Butere, hata kama utapita ukamsalimu mama yako peke yake.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niitie chini ya sanduku lako, katikati ya blanketi, uikute ukiwa mbali. Nimebadili nia nilipokuwa nikiandika habari za lori. Nitakupa mkononi, na nitaketi mbele yako mpaka uimalize.

Nasikia Yunia anakimbia nje akiliita jina lako. Mama yako amesimama, amekung'uta kanga, anasema, "Baba Imali, mtoto amefika, na saa ya sindano imefika."

Basi jidunge na ule kwanza. Obusuma ni ya wimbi, na kunde zimeiva. Nitakupa barua ukishashiba.

Ni mimi,
Baba yako